Tuwafundishe watoto wetu wimbo mmoja wa rapu kwa piano

Juma hili tunaleta jambo ambalo limeshaleta mabishano katika kikundi chetu hapa Kisenge. Watoto wa darasa la tano na la sita, pamoja na vijana wachache wa sekondari, wanaomba kujifunza piano. Wangeomba nyimbo za korali, hakuna mtu angesema neno. Lakini wao wanaomba rapu. Na siku ya posho inayokuja tunapaswa kuamua kama tutatenga feza kidogo pembeni ya likelemba ili kununua klavie moja itakayotumika na watoto wote.

Mama mmoja alisema waziwazi: rapu ni muziki wa wavuta bangi. Mwingine akauliza: piano italeta bukari nyumbani? Wa tatu akasema: binti yangu akikaa kwa piano, nani atachota maji? Hayo ni maswali mazuri, na hakuna hata moja la kuchekwa. Sisi walimu tumeombwa kueleza, basi tunaeleza, kisha kila mama atapima mwenyewe.

Rapu ilianza kwa ajili ya nguo za masomo

Wengi wetu tunaijua rapu kwa sauti kubwa inayotoka kwenye simu za vijana. Tunasikia matusi, tunafunga mlango. Lakini tuangalie ilitoka wapi.

Tarehe 11 Agosti 1973, katika mtaa wa Bronx, mjini New York, msichana mmoja aitwaye Cindy Campbell alitaka kupata feza ya kununua nguo mpya kabla ya masomo kufunguliwa. Familia yao ilikuwa imehamia kule kutoka Jamaika. Cindy akapanga sherehe katika chumba cha chini cha jengo walilokaa. Wasichana walilipa senti 25 kuingia, wavulana senti 50. Kaka yake Clive, anayejulikana kwa jina la DJ Kool Herc, ndiye aliyepiga muziki. Aliona kwamba watu wanacheza zaidi pale ambapo waimbaji wananyamaza na ngoma inabaki peke yake. Akaanza kutumia santuri mbili zinazofanana ili kile kipande kifupi cha ngoma kirudi na kurudi bila kuisha. Watu wengi wanahesabu usiku ule kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip-hop.

Basi, kabla ya bangi na matusi, kulikuwa na msichana anayetafuta nguo za masomo, na alifanya hesabu kama sisi tunavyofanya kabla ya Septemba.

Kuna mama mwingine katika historia hii. Mwaka 1979, Sylvia Robinson, mama wa watoto watatu, alianzisha pamoja na mume wake kampuni ya santuri na kutoa wimbo «Rapper's Delight», ambao ulipeleka rapu kwenye redio za dunia nzima. Na kwetu Katanga tunaye Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji, mbali na mama yake. Baada ya miaka mingi alipata barua ya mama. Albamu yake «Hotel Impala» ilikuwa jibu la barua ile. Mtoto aliyeshindwa kumweleza mama maisha yake kwa maneno ya kawaida alimweleza kwa rapu.

Hatusemi kwamba kila wimbo wa rapu unafaa nyumbani. Mengi hayafai. Lakini kisu kinakata nyama na kinakata kidole, na hakuna mama aliyetupa kisu kwa sababu hiyo. Anamfundisha mtoto kukishika.

Muziki wa kurudia tunaujua tangu zamani

Tulipokuwa tunasomea ualimu tulifundishwa kumtoa mtoto kwa kile anachojua na kumpeleka kwa kile asichojua. Watoto wetu wanajua nini kinachofanana na rapu?

Kwanza wanajua kinu. Mukiwa wamama watatu kwa kinu kimoja, mnatwanga muhogo, kila mmoja anajua zamu yake. Mchi mmoja ukichelewa, michi inagongana. Hakuna anayehesabu kwa sauti, lakini wote wanahesabu. Huo ndio mwendo wa muziki, na mtoto aliyebebwa mgongoni ameusikia kabla ya kujua kusema.

Pili, wazee wetu wa Kichokwe wanajua chisanji, kile chombo cha ubao chenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Mpigaji anarudia kipande kifupi kwa muda mrefu, na juu yake anasema habari zake: safari, kifo, mapenzi, ubishi na jirani. Kipande kinachorudi, na maneno yanayopita juu yake: rapu imejengwa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo kijana akikaa kwa klavie na kurudia sauti nne, babu yake asishangae.

Na Jean Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, alitengeneza nyimbo za Kiswahili kwa gitaa moja. Wimbo wake «Masanga» ulirekodiwa mwaka 1952 kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na wapiga gitaa wa nchi nyingi wamejifunza kwa kumsikiliza. Gitaa nalo lilikuwa chombo kigeni siku zile.

Wimbo wenyewe, hatua kwa hatua

Tumechagua namna ambayo haitaki kujua kusoma muziki. Hata mama ambaye hajagusa piano anaweza kuifuata pamoja na mtoto. Tunatumia vibao vyeupe tu.

Hatua ya kwanza ni miguu na mikono, bila piano. Tunahesabu moja, mbili, tatu, nne, halafu tunarudi moja. Kwenye moja na tatu tunakanyaga chini. Kwenye mbili na nne tunapiga makofi. Mapigo manne ni kipimo kimoja. Rapu ya mwendo wa wastani inakwenda karibu mapigo 90 kwa dakika, yaani mapigo 3 kwa kila sekunde 2. Mtoto asikimbie. Kosa la karibu kila mwanafunzi ni kuongeza mbio anapofurahi.

Hatua ya pili ni kutafuta do. Angalia vibao vyeusi: vimekaa viwili viwili na vitatu vitatu. Kibao cheupe kilicho kushoto, karibu kabisa na vile viwili, ndicho do. Kutoka pale tunakwenda kulia: re, mi, fa, sol, la, si, halafu do nyingine. Mtoto aliyeimba kwenye korali anayajua majina haya tayari.

Hatua ya tatu ni mkono wa kulia. Tunatumia vidole vitatu: gumba, cha kati na kile kidogo. Noti tatu zinazopigwa pamoja zinaitwa akordi. Zetu ni nne, kila moja inakaa mapigo manne:

Ya kwanza: la, do, mi. Chukua la iliyo kushoto kwa do ya katikati.

Ya pili: la, do, fa. Gumba na kidole cha kati vinabaki. Kidole kidogo tu kinasogea kibao kimoja kulia.

Ya tatu: sol, do, mi. Kidole cha kati kinabaki kwa do. Gumba na kidole kidogo vinarudi kibao kimoja kushoto.

Ya nne: sol, si, re. Gumba linabaki. Vile vingine viwili vinarudi kibao kimoja kushoto.

Kisha vidole vyote vitatu vinapanda kibao kimoja kulia, na tumerudi kwa ya kwanza. Mkono haurukiruki. Unatembea taratibu kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa.

Hatua ya nne ni mkono wa kushoto. Huo una kazi nyepesi: noti moja tu chini kwa kila akordi. La, halafu fa, halafu do, halafu sol. Inapigwa kwenye «moja» na kuachwa ilie.

Hatua ya tano ni kuunganisha mikono miwili. Hapa wengi wanakata tamaa. Dawa ni kupunguza mwendo hadi mtoto aone aibu kwa jinsi anavyokwenda polepole, na kurudia akordi mbili tu hadi zikae, halafu kuongeza ya tatu. Dakika 15 kila siku zinashinda saa mbili za Jumapili.

Hatua ya sita ni maneno. Mshororo mmoja unakaa kwenye kipimo kimoja. Beti la kawaida la rapu lina vipimo 16. Akordi zetu nne zikizunguka mara nne, beti limejaa. Hesabu inasema vipimo 16 mara mapigo 4 ni mapigo 64, na kwa mwendo wa 90 kwa dakika hiyo ni karibu sekunde 43. Mtoto aliyechukia jedwali la kuzidisha anaifanya hesabu hii bila kulazimishwa, kwa sababu anataka kujua maneno yake yatatosha au la.

Wimbo maarufu ambao vijana wengi duniani wanaanza nao kwa piano ni «Still D.R.E.» wa mwaka 1999. Piano yake ina akordi tatu tu tangu mwanzo hadi mwisho. Maneno yake si ya watoto, na hatutayafundisha. Lakini unaonyesha jambo moja: wimbo unaojulikana dunia nzima unaweza kusimama juu ya vidole vitatu vinavyosogea kidogo tu.

Maneno ya kwetu tunatunga wenyewe. Haya yametoka katika mazoezi na wanafunzi:

Gari la moshi linalia, limetoka Kolwezi,
Mama anatwanga muhogo kwa mwanga wa mwezi,
Daftari langu halitachukuliwa na wezi,
Usiseme mtoto wa Kisenge hawezi.

Sheria yetu ni moja: kila neno linaandikwa kwanza kwenye daftari na kusomwa mbele ya mama nyumbani. Kisichoweza kusomwa mbele ya mama hakiimbwi.

Bila klavie na bila umeme

Kabla ya kutoa feza, tuanze na karatoni. Chukua karatoni ya sabuni au ya mafuta, ichore vibao 15 vyeupe kutoka do hadi do ya tatu, na vyeusi 10 juu yake, viwili viwili na vitatu vitatu. Mtoto anaweka vidole, anaimba noti kwa mdomo, mwenzake anapiga mapigo. Haitoi sauti, lakini vidole vinajifunza njia. Atakapokaa kwa klavie yenyewe, mkono utakuwa unajua pa kwenda.

Mwenye simu kubwa anaweza kupata programu ya piano isiyolipwa. Nyingi, zikishapakuliwa, zinafanya kazi bila intaneti. Vibao vyake ni vidogo, lakini sauti ni ya kweli, na sikio linasahihisha kile ambacho karatoni haiwezi kusahihisha.

Klavie ya kununua haihitaji kuwa kubwa. Piano kamili ina vibao 88. Klavie ya umeme ya vibao 61 inatosha kabisa kwa kazi hii, na hata ndogo kuliko hiyo inatosha kuanzia. Tuchague ile inayokubali betri, kwa sababu umeme wetu tunaujua. Mara nyingi inataka betri 6. Hapa tuwaambie watoto jambo ambalo litawafurahisha: ndani ya betri za kawaida kuna manganezi, jiwe lile lile ambalo limefanya Kisenge ijulikane. Wenye paneli ya jua wanaweza pia kuitumia, mradi nguvu ya umeme ilingane na ile iliyoandikwa nyuma ya klavie. Ikizidi, klavie inaungua siku ya kwanza.

Feza, maji na bukari

Sasa turudi kwa maswali ya wamama.

Je, piano italeta bukari? Kwa watoto karibu wote, hapana. Wanaoishi kwa muziki ni wachache, hata Kinshasa. Anayewaahidi watoto wetu utajiri wa rapu anawadanganya. Wachache wanaweza kupata kidogo kwa kupiga katika ndoa au kanisani, basi.

Faida tunayoiona sisi darasani ni nyingine. Mtoto anajifunza kurudia jambo gumu bila kupigwa wala kutukanwa. Anajifunza kumngoja mwenzake. Anaandika Kiswahili na Kifaransa kwa hamu, anatafuta maneno yenye mwisho mmoja, anafuta, anaandika tena. Sehemu za hesabu, nusu na robo, anazigusa kwa vidole. Kuna mvulana mmoja aliyekuwa anakosa darasa karibu siku mbili kila juma. Tangu mazoezi ya Ijumaa yaanze, mwezi uliopita amekosa siku moja tu. Hatusemi ni muziki peke yake. Mwezi ule mama yake pia alipata wateja wa makala na nyumba ikatulia. Lakini mtoto mwenyewe anasema Ijumaa hataki kuikosa.

Tunajua pia kinachowavuta vijana wetu. Wengine wanakwenda Kolwezi kutafuta kobalti, wanashuka kwenye mashimo na kuacha daftari. Klavie moja haiwezi kushindana na njaa. Inaweza tu kumpa mtoto sababu moja zaidi ya kubaki, na mtoto anayepimana na shimo anahitaji kila sababu tunayoweza kumpa.

Kuhusu feza, tunapendekeza tusiguse kabisa likelemba yenyewe. Zamu ya kila mama ibaki zamu yake. Tukiwa wamama 25 na kila mmoja akitenga franka 1 000 kwa juma, tunapata 25 000 kwa juma, na kwa majuma 8 tunapata 200 000. Katika majuma hayo 8 watoto wanajifunza kwa karatoni. Wawili kati yetu watakapokwenda Kolwezi wataulizia bei ya klavie, mpya na iliyotumika, katika maduka yasiyopungua matatu, na kuijaribu kila kibao kabla ya kulipa. Bei ikizidi feza, tunaongeza majuma. Watoto wakichoka na karatoni kabla ya juma la 8, kila mama anarudishiwa feza yake, na hakuna aliyepoteza. Na kama mtoto wa mwenzetu akilazwa hospitalini katika kipindi hicho, mgonjwa kwanza, klavie ingoje.

Kuhusu maji: mazoezi yatakuwa saa tisa na nusu hadi saa kumi, baada ya masomo. Nusu saa haikaushi nyumba. Lakini tuseme na ukweli wa upande wa pili. Swali la maji linaulizwa juu ya binti, haliulizwi juu ya kaka yake. Angalieni makanisa yetu mengi: wasichana wanaimba, wavulana wanashika vyombo. Msichana anayejua sol na si kwa sikio lake, hajawahi kuziweka chini ya kidole. Kwa hiyo tunaomba orodha ya wanafunzi iwe nusu wasichana, nusu wavulana, na ndoo nazo zigawanywe vivyo hivyo. Mvulana anayeweza kubeba ndoo ya udongo anaweza kubeba ndoo ya maji.

Siku ya posho

Mkutano utaanza saa nane baada ya soko. Kila mama aje na neno lake, hata anayekataa, na anayekataa aeleze sababu ili isikilizwe. Mwenye karatoni safi nyumbani ailete, kalamu nyeusi tunazo. Tutachora kibao cha kwanza palepale, na watoto wanne watatuonyesha akordi zote nne kwa karatoni, wengine wakikanyaga na kupiga makofi. Itachukua sekunde 43. Baada ya hapo tutapiga kura.